Mound Bayou Bado Inasubiri Riwaya Yake

Kama uliitazama Till, ile filamu ya Chinonye Chukwu ya 2022, huenda unakumbuka kwamba Mamie Till, alipoenda Mississippi kuhudhuria kesi ya waliomuua mwanawe, hakulala hotelini. Alikaa kwa Dkt. T.R.M. Howard, daktari tajiri aliyekuwa na nyumba kubwa na walinzi wenye bunduki, kwenye kamji ka watu weusi kanakoitwa Mound Bayou. Hapo mtazamaji anapata kupumua kidogo. Halafu filamu inarudi kortini, na mji unaachwa nyuma kama stesheni ambayo treni haikusimama.

Ukitaka kujua mji wenyewe ulitoka wapi, utapewa hadithi tamu sana. Mwaka wa 1887 watu waliokuwa watumwa, wakiongozwa na Isaiah T. Montgomery na binamu yake Benjamin T. Green, waliingia msituni katika bonde la Delta, wakafyeka, wakajenga mji wao wenyewe. Meya mweusi, duka la mweusi, shule ya weusi. Kwisha. Hadithi hii imesimuliwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia, na mambo mengi ndani yake ni kweli. Shida yangu ni umbo lake. Inasomeka kama tangazo la ploti, na kuna sababu nzuri ya kusomeka hivyo: ilianza kama tangazo la ploti.

Hebu tuanze na msimulizi mkuu. Mwaka wa 1907 Booker T. Washington, kiongozi mweusi aliyesikizwa zaidi na matajiri weupe wa wakati ule, alichapisha makala kuhusu Mound Bayou katika jarida la World's Work. Kichwa chake kilisema huu ni mji unaomilikiwa na weusi. Washington alikuwa mwandishi mzuri kuliko anavyopewa sifa, na anajua kuchora tukio. Kuna pale anaposimulia jinsi walowezi wa kwanza walivyofika, wakaona ule msitu, wakavunjika moyo, na Montgomery akawauliza kwa nini washindwe kujifyekea msitu wao wakati wao na wazazi wao walikuwa wamefyeka misitu ya wenyewe miaka yote. Tukio linasisimua. Ukilisoma unataka kuchukua shoka.

Lakini angalia nani hayupo pale msituni. Wakala wa ardhi wa kampuni ya reli hayupo. Na bila yeye hakuna mji.

Reli yenyewe iliitwa Louisville, New Orleans and Texas, na pesa nyuma yake zilikuwa za Collis P. Huntington, mmoja wa wale mabepari wakubwa waliojenga reli za magharibi ya Marekani. Ilikamilika mwaka wa 1884, kutoka Memphis kupitia Vicksburg hadi New Orleans, ikikata katikati ya Delta. Kampuni ilikuwa na ardhi nyingi kandokando ya njia, na ardhi hiyo haikuwa na faida yoyote: kinamasi, miti minene, dubu, mbu na malaria. Reli haili msitu. Inakula mizigo. Ili ipate mizigo ilihitaji wakulima, na weupe waliokuwa na uwezo wa kununua hawakuwa na haraka ya kwenda kufa homa. Ndipo kampuni ikaanza kutafuta walowezi weusi, kwa imani ile ya kijinga ya enzi hizo kwamba mtu mweusi haumwi na kinamasi. Isaiah Montgomery akafuatwa. Akaenda, akakagua, akachagua mahali karibu katikati ya Memphis na Vicksburg, kando ya reli, panapokutana vijito viwili karibu na kilima kilichojengwa na wenyeji wa kale. Kilima ni mound, kijito cha pole pole cha kusini ni bayou, na jina likawa hilo.

Hao wenyeji nao tusiwapite mbio kama hadithi inavyowapita. Ardhi ya Wachoctaw katika Mississippi ilichukuliwa kwa mikataba, ule wa Doak's Stand mwaka wa 1820 na ule wa Dancing Rabbit Creek mwaka wa 1830. Kwa hivyo ule "msitu mtupu" wa hadithi ulikuwa umetupwa watu wake miaka hamsini na kitu tu kabla. Jina la mji linakumbuka kilima. Tangazo halikumbuki.

Sasa fikiria hesabu ya kampuni. Inauza ardhi isiyo na mnunuzi kwa mpango wa lipa pole pole. Mnunuzi anafyeka kwa jasho lake. Akishafyeka anapanda pamba, na pamba inasafirishwa kwa reli ile ile. Kampuni inakula kwa mikono miwili. Na kabla pamba haijakomaa, walowezi waliishi kwa kuuza mbao na mataruma ya reli. Yaani mti uliokuwa unamzuia mtu kulima ulikatwa, ukachongwa, ukaenda kulala chini ya chuma cha yule aliyekuwa anamdai. Kwa maoni yangu hii ndiyo picha bora zaidi katika historia nzima ya Mound Bayou, na Washington hakuihitaji, kwa sababu tangazo halipendi kuonyesha mteja akimbeba muuzaji mgongoni.

Sisemi Montgomery alidanganywa. Hapana. Huyu alikuwa mtu wa vitabu na hesabu tangu utotoni, na hapa ndipo hadithi inakuwa nzito.

Isaiah alizaliwa mtumwa mwaka wa 1847 katika Davis Bend, mashamba yaliyokuwa kwenye kona ya mto Mississippi kusini ya Vicksburg. Mwenye mali alikuwa Joseph Davis, kaka mkubwa wa Jefferson Davis, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa ile serikali ya kusini iliyopigania utumwa. Baba yake Isaiah, Benjamin Montgomery, alikuwa mtumwa aliyeendesha duka la shamba, aliyejua umakanika, na aliyebuni rafadha ya meli ya mtoni lakini akanyimwa hataza kwa sababu mtumwa hawezi kuwa mwenye chochote, hata wazo lake. Vita vilipoisha, mwaka wa 1866, Joseph Davis aliwauzia akina Montgomery mashamba yale kwa dola 300,000, kwa deni. Soma tena hapo. Mtumwa akanunua shamba la bwana wake. Kwa miaka kadhaa Benjamin alikuwa miongoni mwa wakulima wakubwa wa pamba katika jimbo zima. Lakini mto ulikuwa umehama njia na kuikata Davis Bend ikawa kisiwa, mafuriko yakaja, bei ya pamba ikashuka, Benjamin akafa mwaka wa 1877, na mahakama pamoja na deni vikairudisha ardhi kwa familia ya Davis. Yote.

Kwa hiyo Isaiah anapoingia msituni mwaka wa 1887, si kijana mwenye ndoto. Ni mtu wa miaka arobaini aliyeshaona paradiso moja ya watu weusi ikinyang'anywa kwa karatasi. Tena anajua karatasi kuliko wengi: akiwa mtoto wa miaka kama tisa alipelekwa kwenye ofisi ya Joseph Davis kuwa karani wake, akinakili barua na kupanga magazeti. Alijifunza kuandika kwa sauti ya bwana. Shikilia hilo.

Mwaka ambao hadithi tamu inaukwepa ni 1890.

Mwezi wa Machi, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Louisville, New Orleans and Texas dhidi ya jimbo la Mississippi. Ndiyo, kampuni ile ile. Mississippi ilikuwa imepitisha sheria mwaka wa 1888 kulazimisha treni ziwe na nafasi tofauti za weupe na weusi, na kampuni ikashtakiwa kwa kutofanya hivyo. Usije ukafikiri walikuwa wapigania haki. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara: treni inavuka majimbo, na jimbo moja halina mamlaka ya kuipangia mabehewa. Wakashindwa, huku Jaji Harlan akiwa upande wa wachache waliopinga uamuzi. Miaka sita baadaye uamuzi huo ulitumika kuegemeza ule wa Plessy, ambao uliubariki ubaguzi kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo reli iliyozaa mji wa watu huru ndiyo hiyo hiyo iliyotoa jina lake kwa moja ya ngazi za kupanda kwenda kwenye ubaguzi wa kisheria. Ungeliweka hili kwenye riwaya, mhariri angekwambia umezidisha.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, kongamano la kuandika katiba mpya ya Mississippi lilikuwa linakaa. Wajumbe 134. Mweusi mmoja tu: Isaiah Montgomery, kutoka kaunti ya Bolivar. Kila mtu alijua kongamano limeitwa kwa nini, na wenyewe hawakuficha. Ilikuwa ni kuwaondolea weusi kura bila kutaja neno "mweusi": kodi ya kichwa ya dola mbili, na sharti la kusoma au kueleza kifungu cha katiba mbele ya karani mweupe ambaye ndiye angeamua kama umeelewa. Mwezi wa Julai mgombea mmoja wa chama cha Republican, mzungu, aliyejaribu kufanya kampeni ya kuingia kongamanoni, alikuwa ameuawa.

Montgomery akasimama akahutubia. Akaunga mkono. Alitaja hesabu kwa mdomo wake: weusi 123,000 wangepoteza kura. Akaiita kafara. Alikuwa anatoa kura za watu wake madhabahuni ili amani ipatikane, na akawauliza wale weupe kama wataipokea. Magazeti ya weupe yakamsifu, hata kule kaskazini.

Nimeisoma hotuba ile mara nyingi nikijaribu kusikia ni nani anazungumza. Kuna ufasaha wa kutisha ndani yake. Sentensi ndefu, za heshima, zinazopanda taratibu, za mtu aliyelelewa kwenye meza ya kuandikia barua za mkubwa. Na ndani ya ufasaha huo kuna kitu kama mtu anayelia huku ametabasamu. Frederick Douglass alikisikia. Wiki chache baadaye aliiita hotuba hiyo usaliti kwa watu weusi, bila kupepesa, lakini pia akasema anasikia ndani yake mguno wa uchungu, na hakutaka kumtukana mtu mwenyewe. Kwangu, sentensi chache zile za Douglass ni uhakiki bora kuliko vitabu vizima vilivyofuata. Alikataa kumsamehe, na alikataa kuacha kumsikiliza.

Waandishi wa tangazo hufanya kinyume. Wanaichukua kura ya 1890 wanaiweka kwenye aya moja ya aibu, "hata hivyo" moja, kisha wanarudi kwenye benki na kiwanda. Wale wa upande wa pili, wanaomwita Montgomery msaliti, wanaisahau Mound Bayou yenyewe. Mimi naona ni sura moja. Ploti ilikuwa na bei mbili, moja ya dola kwa kampuni ya reli na nyingine kwa weupe wa jimbo, na mtu aliyeona baba yake akinyang'anywa Davis Bend aliamua kulipa zote mbili ili mji uachwe. Hatukuombwa tukubaliane naye. Lakini huwezi kuuelewa mji huu ukiwa umeficha risiti moja.

Na je, mauzo yalikamilika? Mwaka wa 1904 Montgomery mwenyewe alimwandikia Washington barua kuhusu West Point, Mississippi, ambako watu weusi walikuwa wanatishwa na kufukuzwa kwa kosa la kufanikiwa. Mmoja kosa lake lilikuwa kuendesha kigari kizuri. Barua ile haina ufasaha wa 1890. Ni kavu, inaorodhesha. Mtu aliyetoa kafara anaandika taarifa kwamba madhabahu haikujibu.

Sasa linganisha na mji mwingine. Mwaka ule ule wa 1887, huko Florida, weusi walisajili mji wao mdogo uitwao Eatonville. Kule akakulia mtoto aitwaye Zora Neale Hurston, na mwaka wa 1937 akatoa Their Eyes Were Watching God. Wengi wetu tumekisoma, au tumeazimwa tukakaa nacho. Humo Eatonville ina mwanzilishi wake, Joe Starks, anayenunua ardhi, anafungua duka, anakuwa meya, anasimamisha taa ya barabarani na kuiwasha kwa sherehe. Hurston anampa heshima yake yote kisha anamwonyesha akimnyamazisha mkewe, akipenda kukaa juu ya wenzake, akiwa na spika ya mkubwa mweupe kifuani. Watu wa barazani wanamcheka na wanamwogopa. Mji unakuwa mji kwa sababu una umbea. Eatonville ilipata mwandishi wa riwaya. Mound Bayou ilipata wachangishaji pesa.

Na walichangisha kweli. Charles Banks, aliyekuja kutoka Clarksdale na kufungua Benki ya Mound Bayou mwaka wa 1904, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mradi wake mkubwa ulikuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, kilichotarajiwa kumilikiwa na weusi kwa hisa ndogo ndogo. Hisa hazikutosha. Julius Rosenwald, tajiri wa Sears huko Chicago, akanunua hati za mkopo za dola 25,000. Novemba 1912 Washington mwenyewe akaja kuzindua, umati ukajaa, hotuba zikapigwa. Kisha kiwanda kikakodishwa kwa mzungu wa Memphis, mambo yakaharibika, benki ikafungwa mwaka wa 1914, na vita vya Ulaya vikaangusha bei ya pamba. Tangazo linaishia kwenye picha ya uzinduzi. Mimi ningeanzia hapo riwaya: siku baada ya sherehe, wakati wa kufagia.

Wanahistoria wamefanya kazi ambayo waandishi wa hadithi hawajaifanya. The Pursuit of a Dream cha Janet Sharp Hermann, cha 1981, ndicho cha kuanzia. Kinaanza Davis Bend na hakirukiruki deni wala mafuriko. Lawama yangu kwake ni kwamba Mound Bayou inafika mwishoni, ikiwa imechoka, kama abiria wa daraja la tatu. Lakini ni humo na katika kazi kama hiyo utakutana na Mary Virginia Montgomery, dada yake Isaiah, aliyesoma Oberlin, na aliyeacha shajara ya mwaka wa 1872. Vitabu alivyosoma, piano, maua, wageni, pamba. Shajara ya msichana mweusi mwenye wakati wa kusoma, kwenye shamba lililokuwa la familia ya Davis, miaka saba baada ya utumwa! Hakuna anayemuuzia mtu chochote kwenye kurasa zile. Kama kuna mwandishi anatafuta sauti ya kuusimulia ukoo huu, ipo, na si ya mwenye mji.

Isaiah alikufa mwaka wa 1924. Mji ukazeeka, ukasinyaa, ukaamka tena. Mwaka wa 1942 chama cha kusaidiana cha Knights and Daughters of Tabor kilifungua hospitali pale, ya weusi na inayoendeshwa na weusi, na daktari mkuu wa upasuaji akawa yule Howard wa kwenye filamu. Mwaka wa 1951 Howard akaanzisha baraza la viongozi weusi wa Delta, na mikutano yake ya kila mwaka ikawa inajaza maelfu ya watu Mound Bayou. Mada mojawapo kubwa ilikuwa kujiandikisha kupiga kura. Ndiyo, kura. Pale pale.

Miongoni mwa vijana waliokuwa wakifanya kazi kwa Howard ni Medgar Evers, aliyekuja mwaka wa 1952 na mkewe Myrlie kuuza bima ya maisha kwa weusi wa Delta. Kazi ilimpeleka kwenye vibanda vya wakulima wa kugawana mazao, na alichokiona humo kilimfanya asome sana habari za Kenya. Aprili 1953 Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria. Mwishoni mwa Juni, familia ya Evers ikiwa bado inaishi Mound Bayou, Myrlie akajifungua mtoto wa kiume. Medgar alitaka aitwe Kenyatta. Myrlie aliogopa kumtwika mtoto jina hilo katika Mississippi ya wakati ule. Karatasi ya kuandikisha mtoto ilipokuja, yeye ndiye aliyeshika kalamu, akatanguliza jina lingine: Darrell Kenyatta Evers.